Ile Miezi Mitatu Uliyoacha Kucheza, Baba Nyawira

Leo mwaka umetimia, Baba Nyawira, tangu Jumanne ile ya Julai ulipotuacha, na gambuti zako, buti za mpira za shambani, bado ziko mlangoni kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuziondoa.

Watoto walitaka tuweke picha yako gazetini na mistari minne chini yake, kama watu wengine wanavyofanya. Nimewakatalia. Mistari minne haikutoshi. Ninaandika mimi, Watiri, mke wako, kwa niaba ya nyumba yote, na unajua mwenyewe kwamba mwalimu hata akistaafu hawezi kuandika kwa ufupi. Tena nina jambo. Nilikukosea mbele ya watu na sikukuomba msamaha ukiwa hai. Kwa hivyo leo nasema mbele ya watu, na wanaosoma wavumilie.

Kwa wale ambao hawakukujua: ulikuwa mkulima wa hapa Mweiga, mwenye ekari moja na nusu ya viazi na ng'ombe watatu wa maziwa. Ng'ombe hao uliwapa vyeo. Mmoja alikuwa Hakimu, wa pili Karani, na yule mdogo mwenye kupiga mateke alikuwa Diwani. Kila alfajiri uliingia zizini, ukavua kofia na kuinama. "Mheshimiwa Hakimu," ulisema, "korti inaweza kuanza?" Kisha ulicheka peke yako huku ukimkamua. Mimi nikiwa jikoni nawasha jiko nilisikia kicheko hicho kila siku, na kila siku nilitikisa kichwa.

Viazi vyako ulimuuzia Dawud, mwenye duka kule Majengo karibu na msikiti. Juu ya kila gunia uliweka kiazi kimoja ulichokichora macho, pua na mdomo kwa kalamu ya wino. Ulimwambia Dawud kwamba huyo ndiye msimamizi wa gunia na asithubutu kumpika. Dawud naye, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, aliwapanga wasimamizi hao dirishani mpaka walipoota machipukizi.

Mwaka ule wa mvua nyingi ulikuwa na miaka hamsini na minane. Uliteremka kilima cha kwa Kihara umekalia gunia la nailoni, wewe na watoto sita wa jirani mmeshikana viuno, na mkaishia ndani ya ua wa miiba. Nilikutoa miiba kwa sindano siku mbili. Kila nilipochoma ulicheka, na kila ulipocheka nilichoma kwa nguvu zaidi.

Mimi sikuwa mtu wa kucheka. Nilifundisha darasa la nane miaka ishirini na tisa, na mwalimu wa darasa la nane akicheka Januari, atalia Novemba matokeo ya mtihani yakikaribia. Ulipokuja kunichumbia, mama yangu alikuuliza ulipenda nini kwangu. Ulimjibu, "Huyu siku atacheka, nitajua nimefanya kazi." Mama alidhani umelewa.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, ile siku ya ruracio ya binti yetu Nyawira, miaka mitano iliyopita.

Kwetu, wakwe wakija kwa mambo ya mahari, kuna mchezo ambao hata wazee wakali huuruhusu. Bibi harusi anafunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni, anawekwa mstarini pamoja na wasichana wengine waliofunikwa vilevile, na bwana harusi anaambiwa amchague wake. Akikosea anatozwa faini, watu wanacheka, anajaribu tena. Ni mchezo wa vijana. Wazee kazi yao ni kukaa vitini na kuangalia.

Wewe hukuwa kitini. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya hema nikihesabu sahani, nikaona kiti chako kitupu nikadhani umeenda kumwangalia Diwani. Nyawira na wasichana saba walitoka nyumbani wamefunikwa, wakasimama. Watu wanane, nilivyojua mimi. Sikuwahesabu, na mimi ni mwalimu. Walikuwa tisa.

Mwai, mkwe wetu, alipita mbele yao mara moja tu. Hakusitasita. Alimshika mkono yule wa sita na kusema kwa sauti, "Ni huyu. Hata mkinifunga macho, ni huyu." Akina mama wakapiga ngemi za vigelegele. Mwai akamleta mchumba wake mbele ya wazee wa pande zote mbili, akamfunua leso kwa upole, na ndani yake ulikuwa wewe, na mvi zako, na viatu vyangu vyeusi vya kanisani miguuni.

"Mimi nimekubali," ulimwambia, "lakini hii viatu inanifinya."

Baadaye tulijua kwamba jana yake ulimpigia Mwai simu ukamnong'oneza, kama siri ya mkwe na mkwe, kwamba Nyawira angevaa viatu vyeusi vya kifungo. Maskini kijana wa watu.

Upande wetu watu walianguka chini. Nyawira alicheka mpaka wanja wa macho ukamfika kidevuni. Lakini mimi sikuwa namwangalia Nyawira. Nilikuwa namwangalia baba yake Mwai, Mzee Theuri wa Ruring'u, afisa wa magereza mstaafu, mtu aliyenyooka kama mlingoti. Alikuwa ameinamisha kichwa na kujifunika uso kwa kofia. Mkewe, Phyllis, alikuwa amekaza midomo. Waliondoka mapema. Phyllis alinishika mkono na kusema, "Haya, tumeona ya kuona." Nikajua tumeharibu.

Na kana kwamba hayo hayakutosha, Mama Murugi, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, alinijia jikoni tukiosha vyombo. "Mwalimu," akasema, "mzee wako atakua lini?" Alisema kwa huruma, ndiyo sababu iliniuma.

Ukaingia wakati huohuo na trei ya vikombe, leso bado umeifunga kiunoni. Tulikuwa wanne humo ndani, wewe, mimi, Mama Murugi na mwenzake mmoja. Ukawauliza wale wawili kama wana mtoto wa kiume wa kuoza, kwa sababu wewe umerudishwa.

Nikageuka. Nikakuita jina lako tupu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya miaka thelathini na miwili.

"Gatimu, mimi nimechoka. Nimelea watoto wawili na wote wamekua. Wewe ndio umebaki. Leo umeniaibisha mbele ya wakwe na mbele ya kanisa. Kua, tafadhali. Si utakufa kama hujakua?"

Uliweka trei chini. Ulifungua leso kiunoni, ukaikunja mara nne, ukaiweka mezani. Kisha ukasema, "Sawa, mwalimu." Hukuwahi kuniita mwalimu nyumbani. Wale akina mama hawakusimulia popote, maana kwao halikuwa kosa. Mama Murugi hata alinipigapiga bega.

Na ukakua. Kesho yake ukakua. Asubuhi nilisikia ukiingia zizini na sikusikia kitu kingine, ila maziwa yakigonga ndoo. Hakimu alikuwa ng'ombe tu. Ulikunywa chai, ukauliza kama mbolea imepanda bei, ukaenda shambani. Jioni ulirudi, ukanawa, ukakaa kwenye kiti ukiwa umeweka mikono magotini. Nikafurahi. Niseme ukweli, wiki mbili za kwanza nilifurahi. Nilitembea na wewe sokoni Nyeri bila kuangalia nyuma kama unaniiga mwendo. Watu walikusalimu kwa heshima. Nilikuwa nimepata mume niliyekuwa nikimtaka.

Wiki ya tatu nilianza kuchelewa kwenda jikoni asubuhi, sikujua kwa nini. Wiki ya tano watoto wa Kihara waliacha kukata kona kupitia kwetu. Nyumba ilikuwa safi, imetulia, na mimi nilikaa humo kama mtu anayengoja kuitwa na daktari.

Dawud ndiye aliyepiga simu kwanza. "Mama, mzee ako salama? Nimepokea gunia nne hapa na hakuna msimamizi." Nikamwambia uko na kazi nyingi. Akasema, "Basi mwambie kazi ipungue. Watu wananiuliza."

Nyawira naye alizoea kupiga simu kila Jumapili, hata kabla ya kuhamia kwa Mwai Ruring'u, na ulizoea kumjibu, "Ofisi ya Hakimu, ng'ombe anaongea." Sasa ulisema, "Salama. Msalimie Mwai." Siku moja alinipigia akilia. "Mama, baba amenikasirikia kwa sababu nimeolewa?" Nikamwambia hapana, ni presha. Kijana wetu Kinyua akapiga kutoka Nanyuki na kusema upelekwe kupimwa, na mimi, niliyejua ugonjwa wako na aliyeuleta, nilikushika mkono nikakupeleka. Daktari akakuta presha imepanda kidogo. Nikaing'ang'ania hiyo presha kama kupe. Kila aliyeuliza nilimpa presha.

Mwezi wa kumi na moja, ukiwa umetimiza miezi mitatu ya kukua, Theuri na Phyllis walikuja bila taarifa. Uliwapa chai. Uliongea na Theuri juu ya mvua. Ukaongea juu ya mbolea. Theuri aliendelea kuzungusha kikombe chake na kukutazama kama mtu aliyefika nyumba isiyo yenyewe. Ulipotoka kwenda kukamua, Phyllis alisogeza kiti.

"Mama Nyawira, sisi tumekuja kuomba msamaha."

"Wa nini?"

"Ile siku ya leso. Huyu mzee wangu alishindwa kucheka mbele ya watu, akajificha na kofia. Mimi nilifunga mdomo nikijua nikifungua sitaacha. Lakini kwa gari! Kutoka hapa mpaka karibu tufike mjini alikuwa anacheka, mpaka akasimamisha gari kando ya barabara akatoka nje. Mama, tulizika kifungua mimba wetu miaka saba iliyopita. Hiyo sauti sikuwa nimeisikia tangu hiyo siku. Sasa Nyawira anatuambia mzee alinyamaza tangu hiyo sherehe. Ati labda tulimvunja moyo kwa kukosa kucheka."

Theuri hakuinua macho. "Mwambie tu nilicheka," akasema.

Unaona nilipokuwa nimekaa? Binti yako alidhani ni yeye. Wakwe zako walidhani ni wao. Kinyua alidhani ni chumvi ninayotia kwenye chakula. Na mwenye kosa alikuwa ameketi katikati anawamiminia chai. Nikamwambia Phyllis, "Hapana, ni presha tu."

Lakini jioni ile nilikwenda ghalani. Nilichagua kiazi kikubwa, nikachukua kalamu yako ya wino, nikajaribu kukichora uso. Sijui kuchora. Miaka ishirini na tisa ubaoni nilichora ramani ya Kenya peke yake. Nilikitia nyusi zilizokunjamana na mdomo ulioshuka pande zote mbili, nikakifunga kitambaa kichwani, na asubuhi nikakiweka ndani ya hotipoti mahali pa ngwaci, viazi vitamu vyako vya asubuhi, nikafunika. Nikakaa mbele yako na uso wangu wa kawaida.

Ulifunua. Ulikitazama muda mrefu.

"Mama Nyawira, huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Na nani amemkasirisha?"

"Hakuna. Alijikasirisha mwenyewe."

Sikuwahi kuogopa hivyo mbele ya mtu yeyote, hata wakaguzi wa shule. Ulikitoa kile kiazi kwa mikono miwili, ukakisimamisha kando ya sahani yako, ukakimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. "Karibu chai, mama," ukakiambia. "Umetembea mbali sana." Na mdomo wako ukaanza kutetemeka, na mimi nikaona, na kabla hujacheka wewe nilicheka mimi, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, mpaka Karani akalia huko zizini. Ulicheka hadi ukalala mezani. Uliniambia kazi imefanyika.

Hapo ndipo ningesema. Neno lilikuwa karibu. Lakini nilikuwa nimecheka, nikaona imetosha. Nilikuchorea kiazi badala ya kukuomba msamaha, na wewe kwa ukarimu wako ukafanya kama ni kitu kimoja. Theuri ndiye aliyepata faida. Tangu Krismasi ile alikuwa anakuja kila mwezi, na mlikuwa mnafanya upuuzi zizini, wazee wawili, mkitoka huko na majani kwenye nywele. Nyawira ulimrudishia ng'ombe wa simu. Lakini yale aliyoyadhani hukuyajua, kwa sababu sikukuambia. Naye alinyamaza akayaweka moyoni.

Nilijifunza kitu miaka ile, na wenye kusoma wakitaka wakichukue. Nilikuwa nikidhani mtu mzima anayecheza amekataa kubeba mzigo. Wewe ulibeba. Ulilipa karo, ulizika wazazi wako na wangu, uliamka kabla ya jogoo miaka arobaini. Ulicheza ukiwa umebeba, na sisi wengine tulibeba tukiwa tumenuna, tukaita huko kununa busara.

Kisha ukaugua kweli, na haikuwa presha. Nisieleze ugonjwa. Kila asubuhi nilipofika wodini ulikuwa umefumba macho na kulegeza mdomo, unajifanya umezimia. Nilisimama kando ya kitanda nikahesabu mpaka tatu, nawe ukafumbua jicho moja. Wauguzi walituzoea. Wagonjwa wa jirani walikuwa wakihesabu pamoja nami.

Jumanne ile nilifika na uji. Nilikukuta vilevile, na nikaanza kucheka hata kabla sijaweka chupa chini. "Leo umeongeza ujuzi," nikakuambia. Nikahesabu mpaka tatu. Nikahesabu tena. Muuguzi aliyekuja kunishika mkono alinikuta ninacheka.

Tangu siku hiyo sikucheka tena, Baba Nyawira. Watu waliniona wakasema mjane mwenye heshima, na Mama Murugi alinisifu mbele ya wenzake. Haikuwa heshima. Niliogopa tu.

Februari, Nyawira alijifungua mtoto wa pili wa kiume. Wa kwanza, kama desturi inavyotaka, ni Theuri, jina la babu wa upande wa baba. Wa pili anapaswa kuchukua jina lako, babu wa upande wa mama. Nilifika kwao Ruring'u siku ya nne na uji na njahi, yale maharagwe meusi ya mama aliyejifungua, nikamkuta ameketi kitandani, mtoto yuko mapajani, hana jina. Mwai alitoka nje akatuachia chumba.

"Mama, sijui kama nimwite baba," Nyawira akasema. "Sitaki kumpa jina ya mtu alikuwa amenikasirikia."

"Nani alikukasirikia?"

"Si wewe unajua. Siku nimeolewa ndio alinyamaza. Alirudi, ndio, alikuwa anacheka na mimi, lakini najua nilimvunja kitu. Nimekaa na hiyo maneno miaka tano."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wangu alikuwa pale mbele yangu amekunja ngumi, ana siku nne. Nikakaa kitandani na kumwambia Nyawira kila kitu. Jikoni, trei, leso iliyokunjwa mara nne, Sawa mwalimu. Presha. Sikujitetea. Nilimwambia kwamba siku ya ruracio yake ulikuwa na furaha kuliko mtu yeyote kwenye lile hema, na ndiyo maana ulivaa viatu vyangu, na mtu aliyekunyamazisha ni mimi.

Alilia kidogo, bila sauti. Kisha akauliza, "Kwa nini hukusema, mama?"

"Niliona aibu."

"Miaka tano?"

"Aibu haina likizo."

Hakuniambia amenisamehe. Alimwinua mtoto akaniwekea mikononi. "Basi mwambie jina yake wewe mwenyewe," akasema. Nikaweka mdomo kwenye sikio dogo lile, nikamwambia. Gatimu. Jina tupu, lakini safari hii nilisema polepole.

Huyu Gatimu mdogo sasa ana miezi mitano, na ni mtu mgumu. Ana kipaji cha uso changu. Anakunja nyusi kama anasahihisha madaftari. Kinyua amejaribu, Mwai amejaribu, Theuri amemwimbia nyimbo za magereza. Hacheki. Nyawira alianza kuwa na wasiwasi. Mimi kama bibi yake nilimwita mume wangu, inavyostahili, nikamwogesha, nikambeba, lakini kumchekesha sikujaribu. Nilijua ninachoogopa. Nikicheka tena mbele ya uso wenye jina lako, huenda usifumbue jicho.

Jumapili iliyopita tulimpeleka kanisani kuombewa. Nilisimama naye mbele, upande mmoja Nyawira na Mwai, upande mwingine Theuri na Phyllis, na nyuma yetu akina mama wote na vitambaa vyao vya chama, Mama Murugi akiwa wa kwanza. Mchungaji akasema tufumbe macho. Maombi ya mchungaji wetu unayajua, yanaanzia Mweiga yanapita nchi zote za Afrika. Kanisa lilikuwa kimya. Mimi sikufumba. Nilimtazama Gatimu na Gatimu akanitazama, nyusi chini, kama mtu anayesubiri nimweleze kitu ambacho nilipaswa kukieleza zamani.

Nikajaza mashavu upepo. Nikaibana midomo, nikauachilia wote kwenye shingo yake, prrrrrr, na kanisa ni la mabati.

Mchungaji alinyamaza. Gatimu alishtuka. Macho yakamtoka, mdomo ukafunguka, nikadhani atalia, na badala yake kikatoka kicheko kutoka tumboni, kipana, kikubwa kumzidi mwenyewe. Nikasikia benchi za nyuma zikigeuka. Nikasikia Mama Murugi akivuta pumzi. Nilijua nikigeuka nitaona ule uso wa huruma, na kwamba wiki nzima watasema mwalimu amerudi utoto.

Sikugeuka. Nilimpulizia tena. Na kwa mara ya kwanza tangu wodini, mbele ya mchungaji na wakwe na akina mama wote wa chama, nilicheka, na nikacheka mpaka kitambaa kikanidondoka kichwani. Nyawira alikiokota, akaushika mkono wangu, na hakuuachilia mpaka Amina.

Tunaokukumbuka leo ni mimi mke wako Watiri. Binti yako Nyawira na mumewe Mwai. Mwana wako Kinyua. Wakwe zako Theuri na Phyllis. Rafiki yako Dawud wa Majengo, ambaye ameomba sana atajwe. Majirani wa kwa Kihara na watoto wao. Na wajukuu wako Theuri na Gatimu.

Hatutakusahau hata siku moja, Baba Nyawira. Nisamehe. Hukuhitaji kukua.